Annie Wilkes wa kitabuni na Annie wa kwenye muvi, adui hasa ni yupi?

MwishoWaReli

Wakuu habari za jioni. Niko hapa Mwanga Kigoma, umeme umekatika tangu saa kumi na simu imebaki na asilimia 31 kwa hiyo naandika haraka, mtanisamehe nikiruka ruka.

Muvi ya Misery wengi mnaijua, ile ya 1990 ya Rob Reiner, mwandishi Paul Sheldon anapata ajali kwenye theluji anaokotwa na mama mmoja nesi anaitwa Annie Wilkes, kumbe mama mwenyewe ni shabiki wake namba moja na hana mpango wowote wa kumrudisha kwao. Mi niliiona nikiwa mdogo na miaka yote nilijua yule ndo kiboko ya maadui wote wa kike. Sasa mwezi uliopita jamaa mmoja anayepanga vitabu vya mitumba chini kwenye turubai akaniuzia kitabu chenyewe cha Stephen King, cha 1987, jalada la mbele hakina na kurasa za mwanzo zina madoa ya mawese, elfu tatu. Nimekimaliza siku nne. Aisee.

Yule wa kwenye muvi ni mtoto. Kitabuni kuna siku mvua inanyesha tu haikatiki, Annie anaingia chumbani kwa Paul amebeba mtego una panya ndani bado mzima, mgongo ndo umebanwa, anaanza kumminya yule panya mkononi huku anaongea mambo yake mpaka anakufa, afu analamba damu kwenye vidole. ANALAMBA. Kwenye muvi mvua inanyesha ndio, lakini anakuja tu amenyong'onyea, ana bastola, anaongea kwa huzuni mpaka unataka umpe pole.

Na mguu. Kwenye muvi ni nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, anaweka kipande cha gogo katikati ya vifundo vya miguu, kwa, kwa, basi. Kitabuni ni shoka. Anaukata mguu wa kushoto unatoka kabisa, afu anachoma kidonda kwa moto wa gesi damu isimwagike. Na baadae Paul akilalamika taipureta imeng'oka herufi anamkata na kidole gumba kwa kile kisu cha umeme. Askari kijana aliyekuja kuuliza habari anamkanyagia kichwa kwa mashine ya kukatia majani, ile ya kukalia unaendesha. Kwenye muvi hayupo huyo askari, kuna sherifu mzee Buster anapigwa risasi moja ya shotigani mgongoni.

Swali langu, kwa nini walimpunguza hivi? Na kwa mliopitia vyote viwili, yupi anakutisha zaidi? Mi nasema wa kitabuni na sidhani kama kuna ubishi.

Kibirizi_Finest

Ubishi upo na ndo naanza mimi 😂

Mkuu mi kitabu sijasoma siwezi kudanganya, ila muvi nimeiona zaidi ya mara saba. Mara ya kwanza kibanda umiza, mia mbili mlangoni, mabenchi yale ya mbao unatoka na miba, na ilikuwa imetafsiriwa. Mtafsiri alikuwa anamwita Annie "Bi Mkubwa" na Paul "Mwalimu", hata sijui kwa nini mwalimu. Watu wanacheka mwanzo mwisho. Sasa ilipofika ile ya nyundo mtafsiri akanyamaza. Nakwambia kibanda kizima kimya, kuna mzee mvuvi mbele yangu, jitu la miraba minne, kashika kifundo chake cha mguu kwa mikono miwili hajui hata kama kakishika.

Sasa niambie, shoka lingefanya hivyo? Shoka tumeshaona, muvi za kung'oana vichwa zimejaa, mtu akikatwa mguu kwenye muvi unajua ni plastiki na nyanya ya kopo. Ila kifundo cha mguu kikipinda pembeni, kila mtu ashawahi kuteguka, mwili wako unajua. Afu damu hamna hata tone.

Na niliwahi kusoma kwamba yule mzee aliyeandika skripti, William Goldman, yeye alitaka shoka libaki kama kitabuni, akachukia kweli walipobadilisha, baadae akaja kukubali mwenyewe kwamba wenzake walikuwa sahihi. Sa we nani.

Alafu jambo lingine nililoligundua ukubwani nilipodaunlodi ile isiyotafsiriwa. Kabla ya kupiga nyundo anampa Paul historia, anasema zamani kule machimbo ya almasi ya Kimberley, wale wafanyakazi wenyeji wakikamatwa wameiba almasi hawakuuliwa, walivunjwa miguu ili waendelee kufanya kazi bila kukimbia. Kimberley si Afrika Kusini hiyo? Yaani tumo kwenye muvi ya theluji ya Marekani, mzungu anavunjwa miguu na mfano unaotolewa ni babu zetu.

MwishoWaReli

@Kibirizi_Finest hiyo ya Kimberley nilikuwa nimeisahau kabisa. Ila bado, umesema mwenyewe kitabu hujasoma, unatetea stelingi wa mpira hujawahi kuona mechi.

Kibirizi_Finest

Stelingi gani, tunaongelea adui hapa 😂 nipe kitabu basi nisome. Mwanga na Kibirizi si mbali.

SistaMstaafu_Tbr

Wanangu habari za huko. Mimi niko Tabora, nimefanya kazi ya unesi miaka thelathini na mbili, wodi ya upasuaji na baadae wodi ya wazazi, sasa nimestaafu nafuga kuku na kusoma. Kitabu nilikisoma, muvi alinionyesha mjukuu kwenye laptopu yake.

Mnaongelea shoka na nyundo, mimi ngoja niwaambie kilichonikosesha usingizi. Kabla ya kukata ule mguu Annie anamwagia Betadine. Anamwagia pale kwenye kifundo na anamwagia na kwenye shoka lenyewe. Nilifunga kitabu nikaenda kunywa maji. Kwa sababu hiyo ni tabia ya mkono uliofundishwa, na mimi ndivyo ningefanya, yaani siyo kukata, nina maana kusafisha kwanza kabla ya kugusa kitu chochote, hata ukiamshwa saa tisa usiku mkono unajiendea wenyewe. Yule mwanamke anakwenda kufanya unyama lakini hataki kidonda kioze. Mtu asiyekaa wodini ataruka hapo, ataona ni neno la dawa tu.

Na hesabu ya vidonge. Kitabuni Paul anapewa vidonge vya maumivu vyenye kodeini kila baada ya saa kadhaa na Annie anajua kabisa kwamba mgonjwa ameshavizoea, kwa hiyo anatawala kwa dozi. Akikasirika dozi inachelewa. Mwanzoni kabisa anamnywesha vidonge kwa maji ya ndoo aliyosuzia kitambaa cha kudekia, maji ya sabuni ya kijivu, na mgonjwa anakunywa na anashukuru. Na alipogundua Paul amemuua Misery, yule mwanamke mhusika mkuu wa riwaya zake, aliondoka akamwacha zaidi ya siku mbili bila maji, bila dawa, miguu imevunjika yote miwili. Muvi imepita pale haraka haraka, vidonge wanavifanya ni ujanja wa Paul, anavificha kwenye godoro aje amwekee Annie kwenye mvinyo, na Annie anaumwaga ule mvinyo kwa bahati mbaya. Pazuri pale, nilicheka. Lakini hofu ya kusubiri dozi haimo, na mimi nimeona wagonjwa wakisubiri dozi, najua macho yao yanavyokuwa yakisikia viatu vya nesi koridoni.

Jambo moja sikulipenda, na nitalisema. Kitabuni wameonyesha kwa urefu zile siku zake mbaya, anakaa ameganda kama kigogo, anajipiga makofi, anajikwaruza, anakula vitu vitamu mpaka vinamchuruzika, halafu anaondoka mwenyewe kwenda mahali pake kwa sababu anajijua kwamba akibaki ataua. Nimehudumia watu wenye ugonjwa wa akili na hawakumdhuru mtu, wengi ndio wanaodhuriwa. Kwa hiyo nilisoma nikiwa na kinyongo kidogo. Lakini hapo hapo nikamwona kama mtu, mtu anayejua kuna kitu kinamjia na hana wa kumwambia. Wa kwenye muvi tunajua ameua watoto wachanga hospitali kwa sababu Paul anaona lile albamu lake la vipande vya magazeti, basi, imetosha, tumwogope.

Mnaniuliza yupi? Wa kitabuni ni nesi. Wa kwenye muvi ni mwanamke aliyewahi kuwa nesi. Namwogopa aliye nesi.

MwishoWaReli

Shikamoo mama. Hiyo ya Betadine nimerudi kuangalia na tochi, ipo, na nilikuwa nimeipita kweli.

SistaMstaafu_Tbr

Marahaba mwanangu. Punguza kusoma kwa tochi.

Bin_Ujiji

Nimefika nimechelewa ila hapa lazima niseme kitu kwa sababu hakuna aliyekigusa, na MwishoWaReli umesoma kitabu chote hujakiona au umekiona ukanyamaza?

Annie wa kitabuni anafananishwa na sanamu la Kiafrika. Sio mara moja. Paul akimwangalia anaona jimwili gumu lisilo na matundu, zito, kama yale masanamu ya kuabudiwa kwenye riwaya za Rider Haggard, yule mwandishi Mwingereza wa zamani wa hadithi za Afrika. Na kile kitabu kingine ambacho Annie anamlazimisha Paul aandike, cha kumfufua Misery, kinaishia wapi? Kinaishia Afrika, kuna kabila la kutungwa, kuna mungu mke wa nyuki, kuna jiwe lililochongwa sura ya mwanamke, na huyo mungu mke ndo Annie mwenyewe Paul anamwingiza kimya kimya. Yaani mwandishi mzungu akitaka kutafuta picha ya mwanamke wa kuogopwa kupita wote, anakuja kuichukua huku kwetu.

Mi nimekulia Ujiji, nimepita pale kwenye mwembe wa Livingstone na Stanley kila siku nikienda shule, 1871 na kadhalika, tumeshiba wazungu wanaokuja na daftari. Haggard mwenyewe alikuwa anaandika miaka ya 1880 baada ya hao hao akina Stanley kurudi kwao na hadithi. Kwa hiyo nilipofika hapo kwenye sanamu nilicheka kicheko kibaya.

Ila nikafikiria tena. Yule anayewaza hivyo ni Paul, na Paul ni mtu anayeandika riwaya za bei rahisi za mapenzi, kichwa chake kimejaa takataka hizo hizo, akiogopa lazima aogope kwa picha alizonazo. Kitabu chote tumo ndani ya kichwa cha Paul, hatutoki. Annie tunamwona kwa macho ya mgonjwa aliyelewa kodeini. Inawezekana kabisa Annie halisi ni mama tu mnene wa shambani mwenye nguvu, na ukubwa wote ule ameongezewa na hofu.

Na hapo ndo muvi ilipobadilisha kila kitu. Kamera haina kichwa cha Paul. Kamera inamwona Kathy Bates, aliyeigiza Annie, na Kathy Bates wakati ule wala hakuwa jina kubwa kwenye sinema, alikuwa mtu wa jukwaani, ana mkufu wa msalaba shingoni, gauni la kitambaa kizito, nywele za kawaida. Ni mama wa kwaya. Mama wa kwaya unamfungulia mlango. Sanamu la Haggard unalikimbia tangu mbali. Ndo maana 1991 akaondoka na Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa muvi ya kutisha, kitu ambacho hakitokei tokei.

Kwa hiyo mi niko na Kibirizi ingawa kitabu hajasoma. Wa kwenye muvi.

Kibirizi_Finest

Asante kaka 🙏 sema hapo kwa Haggard umenipoteza ila tuko pamoja

mama_asali

Naongeza fupi nina mteja. Mi pia wa Tabora, nauza asali. Kitabuni Misery anafufuliwaje? Alizikwa mzima, watu walidhani amekufa kumbe alidungwa na nyuki mwili ukamkataa akazimia kama maiti. Watu huku wanacheka ila mi namjua mtu aliyedungwa na nyuki wawili tu akaanguka pale pale, tukamkimbiza na bodaboda. Mwandishi pale hakudanganya sana. Annie mwenyewe alikubali maana yeye alikataa ile rasimu ya kwanza, alisema ni udanganyifu.

Na hiyo ndo sehemu naipenda kuliko zote na ipo kote, kitabuni na kwenye muvi. Anahadithia alivyokuwa mtoto anakwenda sinema kila wiki kuangalia ile ya vipande vipande, wiki hii stelingi yuko ndani ya gari linaporomoka korongoni, wiki ijayo wanaonyesha aliruka kabla halijafika ukingoni, na watoto wote wanashangilia, yeye peke yake akasimama akaanza kupiga kelele kwamba sio haki, hakutoka kwenye gari, tuliona. Mi pale nilimpenda jamani. Ni muuaji lakini anasoma kwa makini kuliko wote. Nyie wasomaji wa hadithi za WhatsApp mnajua maumivu hayo, sehemu ya 12 mtu kafa sehemu ya 13 anakunywa chai bila maelezo.

Narudi kwa mteja.

MwishoWaReli

Nimekuja chaji kwa jirani mwenye sola.

Mama asali umenigusa pabaya. Sikutaka kusema ila acha niseme. Nina grupu langu naandika hadithi, watu mia mbili na kitu, kila Ijumaa natuma sehemu moja, wengine wananitumia mia tano mia tano wengine wanasoma bure sina neno. Msichana mhusika mkuu anaitwa Zawadi, anatoka Mwandiga, anakuja mjini kuuza migebuka, mambo yanakuwa mengi. Mwezi wa tatu nilichoka naye. Sio kwamba hadithi iliisha, nilichoka, nilitaka kuandika kitu kingine cha wavuvi, kwa hiyo sehemu ya 40 nikamzamisha na boti ziwani. Nikazima data nikalala.

Saa tano na nusu usiku simu ya kawaida inaita, namba siijui, mwanamke, analia. Sio utani, analia kwikwi zile za msibani. Ananiambia kaka kwa nini. Nikamwambia dada ni hadithi tu. Akanyamaza kidogo afu akaniambia kwa sauti ya upole kabisa, najua ni hadithi, ila wewe unaweza kumrudisha, si unaweza? Sauti nzuri, ya heshima. Hakunitukana. Nikamwambia nitaangalia. Akasema Mungu akubariki, akakata. Namba yangu ya kawaida ameitoa wapi mpaka leo sijui, kwenye grupu natumia ya laini nyingine.

Ndo maana nilipokiona kile kitabu kwenye turubai nilikinunua bila kupunguziwa hata mia.

Na sasa nikiwaza, nilianza huu uzi nikisema wa kitabuni ndo mwenyewe, kwa sababu ya panya na shoka. Ila usiku ule nilipoikumbuka ile simu sikumkumbuka panya. Nilikumbuka Kathy Bates anavyotabasamu akiwa ameleta supu kwenye trei. Sauti ilikuwa ile ile.

Mama Sista bado nakubali kuhusu Betadine.

Bin_Ujiji

Mkuu hiyo simu imenisimamisha nywele kuliko vyote. Unajua King mwenyewe baada ya kuacha pombe na unga alikuja kusema kwamba Annie ndo ulikuwa ule unga, ndo ilikuwa pombe, yeye ndo alikuwa mwandishi aliyefungiwa chumbani. Mi siku zote niliona ni maelezo ya kujitafutia baadae. Ila kwa hiyo yako naanza kuona inaweza kuwa chochote kile kinachotaka uendelee kuandika hata kama umechoka.

SistaMstaafu_Tbr

Badilisha namba mwanangu. Na usiandike sasa hivi, pumzika.

Kibirizi_Finest

Kitabu nakuja kuchukua kesho jioni. Ukitaka nitakuja na mtu 😂

dada_wa_Katubuka

Habari zenu, samahani naona mnaongelea muvi, mi muvi sio mpenzi sana, nimeletewa huu uzi na rafiki yangu. Kaka MwishoWaReli nilikuwa nauliza tu, pole kwa kutoka nje ya mada. Zawadi alikuwa anajua kuogelea. Sehemu ya 9 aliogelea kutoka kwenye mtumbwi mpaka ufukweni akiwa amembeba mdogo wake mgongoni. Sehemu ya 40 amezama mita chache kutoka bandarini. Inakuwaje?